Miksa ya DJ ya bei nafuu: jinsi tunavyoipima kabla ya kukuuzia

Mara kwa mara huingia dukani kwetu hapa Kariakoo kijana aliyeweka akiba ya kazi za harusi mbili tatu, akaomba miksa ya DJ "ya bei ya kawaida lakini ya uhakika", na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile yenye taa nyingi, Bluetooth, tundu la flashi na maandishi makubwa yanayotangaza madoido 99 ya sauti. Hatumlaumu, maana vifaa hivi hutengenezwa ili vinunuliwe kwa macho. Tunachofanya ni kuichomeka miksa hiyo kwenye umeme, kuiunga na hedifoni, kupandisha sauti ya chaneli zote bila kupiga wimbo wowote, kisha kumwomba avae hedifoni na kusikiliza.

Miksa nzuri itampa mchirizo hafifu kama wa mvuke unaotoka kwenye birika kwa mbali. Miksa mbaya itamvumia. Mvumo huo mzito hutokana na umeme wetu, ambao ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mara nyingi husikika katika mizunguko 50 yenyewe au 100, kwa sababu mtengenezaji amebana gharama kwenye kapasita za kuchujia umeme au ameiweka transfoma karibu mno na bodi ya sauti. Jaribio hili tunalifanya kwa hedifoni peke yake, bila laptopu wala amplifaya, kwa kuwa vifaa vikishaunganishwa vingi, mvumo unaweza kutokana na jinsi ethi (nyaya za ardhini) zilivyounganishwa, na hapo utailaumu miksa isiyo na kosa.

Baada ya hapo tunazishusha chaneli zote na kuifungua ya maiki peke yake, na hapo ndipo miksa nyingi za bei ya chini huumbuka. Sababu yake inaeleweka. Laptopu au kicheza CD hutoa sauti yenye nguvu ya kutosha, kwa hiyo miksa haina kazi kubwa ya kuikuza, ilhali maiki ya kawaida ya mkononi hutoa volti ndogo sana, sehemu chache tu za elfu moja ya volti, ambayo lazima ikuzwe mara mamia. Kikuza sauti cha maiki kikiwa cha ovyo, kelele zake nazo zinakuzwa mara mamia, na MC akinyamaza ukumbi mzima unasikia shhh.

Jambo hili tunalitilia mkazo kuliko utakavyolikuta kwenye maelezo mengi ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako DJ wa klabu hugusa maiki kwa salamu moja au mbili. Kwetu sherehe ni ya MC: anawapokea maharusi, anaita meza kwa meza kwenda kutoa zawadi, anasimamia keki, na kwenye singeli ndiyo kabisa, maiki haishuki mdomoni. Hivyo unapoangalia miksa, uliza kama maiki ina kirekebishi chake cha gaini (kiwango cha kukuza sauti inapoingia), angalau ikwalaiza ya besi na sauti nyembamba, na kitasa chake cha kupandishia sauti. Zipo miksa za DJ zenye tundu moja tu la maiki lisilo na ikwalaiza yoyote, na humo sauti ya MC mwenye besi nzito itakuwa kama inatoka ndani ya pipa, nawe huna la kufanya.

Sasa vitelezi. Wanunuzi wengi hutuuliza habari za krosifeda, kile kitelezi cha chini kinachohama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ni kweli kwamba ndicho kinachochakaa mapema kwa anayekichezea. Katika miksa za bei ya chini kabisa, sauti yenyewe hupita kwenye utepe wa kaboni ulio chini ya kitelezi, kwa hiyo vumbi, jasho na bia iliyomwagika husikika papo hapo kama mkwaruzo. Katika zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi, kitelezi hupeleka volti ya kuamuru tu, na sauti hupita kwenye saketi nyingine inayoitwa VCA, kwa hiyo utepe ukianza kuchafuka hutasikia mapema. Juu ya hizo zipo zenye vitelezi vya sumaku, ambavyo sehemu zake hazigusani na hivyo hazina utepe wa kulika.

Tunakushauri ujiulize kwa unyoofu kama kweli unakitumia. Ukipiga singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na kukatakata nyimbo, au ukiwa mtu wa kuskrachi, lipia krosifeda nzuri bila kusita. Lakini kama kazi yako ni taarabu, bongo fleva na rumba kwenye send-off, utatumia vitelezi vya chaneli, na krosifeda itakaa katikati hadi asubuhi. Katika hali hiyo, muhimu zaidi ni kama vitelezi vinaweza kubadilishwa. Sisi hugeuza miksa na kuangalia: kitelezi kinachoshikwa kwa skrubu mbili na plagi ndogo hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali kilicholehemiwa kwenye bodi moja pamoja na vingine vyote humlazimu fundi kung'oa vitasa vyote na kufungua kila kitu. Na tafadhali, usipulize ndani ya kitelezi mafuta ya kulainishia bawaba za mlango. Yananyamazisha mkwaruzo kwa siku chache, kisha yanashika vumbi na kuua utepe moja kwa moja. Tunapokea miksa za namna hiyo mara nyingi kuliko zilizoungua.

Upande wa nyuma kuna hila moja ambayo macho hayaioni. Matundu ya RCA, yale ya duara yenye rangi nyekundu na nyeupe, yanafaa kwa waya wa mita chache tu, kwa sababu waya ukirefuka hudaka kelele za umeme na za simu. Kwa ukumbi ambao spika ziko mbali unahitaji XLR, tundu la pini tatu, ambayo hupeleka sauti ileile katika nyaya mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha nyingine, kisha kifaa kinachopokea hutafuta tofauti yake, na kelele iliyoingia kwenye nyaya zote mbili kwa usawa hujifuta. Tumewahi kufungua miksa mpya iliyorudishwa na mteja kwa sababu ya kelele, tukakuta tundu la XLR zuri kabisa, lakini pini yake ya tatu imeunganishwa na ethi ndani ya boksi. Ilikuwa RCA iliyovaa kanzu ya XLR. Siku hizi tunapima pini hizo kwa mita kabla ya kuweka bidhaa kwenye rafu.

Kuhusu umeme, miksa iliyotumika inayotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 zetu utasikia harufu kabla ya muziki. Soma kibandiko cha nyuma. Angalia pia adapta, kwa sababu baadhi ya miksa ndogo hutumia adapta inayotoa AC badala ya DC iliyozoeleka. Ikipotea, adapta ya kuokoteza haitafanya kazi au itaharibu kifaa.

Je, ununue mpya ya bei ya chini au iliyotumika ya daraja la juu? Behringer, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1989 na Uli Behringer, pamoja na Numark, zimewawezesha vijana wengi kuanza kazi kwa fedha kidogo, na hatuoni aibu kuziuza. Hata hivyo, Pioneer DJM-250MK2 au Allen & Heath Xone:23 iliyotunzwa vizuri, hata ikiwa na mikwaruzo ya rangi, kwa mawazo yetu ni mali zaidi kwa anayefanya kazi kila wikendi. Chukulia kwa mfano miksa ya shilingi 300,000 inayodumu kazi 40, na nyingine ya shilingi 900,000 inayodumu kazi 300 ikihitaji vitelezi vipya vya shilingi 100,000 njiani. Ya kwanza imekugharimu shilingi 7,500 kwa kila kazi, na ya pili karibu shilingi 3,300. Kwa anayepiga mara mbili kwa mwaka, hesabu hiyo inageuka, na tutamuuzia ile ndogo kwa moyo mweupe.

Wapo pia tunaowarudisha nyumbani na fedha zao. Ukiwa na laptopu na kontrola (kifaa cha kuendeshea programu ya DJ), tayari una miksa ndani ya kontrola hiyo, na ukinunua nyingine kwa ajili ya muziki pekee utakuwa umeongeza waya na mahali pa kuharibikia. Kinachoweza kuwa kinapungua ni njia nzuri ya maiki, na kwa hilo miksa ndogo ya kawaida ya chaneli nne, isiyo ya DJ, inatosha.

Unapokuja, njoo na hedifoni zako mwenyewe, maiki anayoitumia MC wako na wimbo mmoja unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Spika zetu za dukani zinapendezesha karibu kila kitu.