Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Skuli, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha katika uzima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuvuka bahari kuja kututazama.

Mwaka huu tulichagua chombo kimoja tu, tukisome hadi tukijue: Oryx, helikopta ya uchukuzi ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini. Oryx ndiye mnyama tunayemwita choroa.

Asili ya chombo hiki ni helikopta ya Kifaransa iitwayo Puma. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliiwekea Afrika Kusini vikwazo vya silaha kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na vipuri vikawa taabu. Mafundi wa huko wakaishika Puma, wakaitia injini mbili za Makila zenye nguvu zaidi, wakaugeuza na mkia. Ikaruka mara ya kwanza mwaka 1987. Hatulifichi, Mheshimiwa: iliundwa kuutumikia utawala dhalimu, wapigania uhuru wa nchi hiyo wakiwa wamehifadhiwa kwetu, Mazimbu, Morogoro.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2000 ilitushika. Mto Limpopo ulifurika, Msumbiji ikawa bahari. Helikopta za jeshi lile lile, Oryx zikiwamo, ziliwaokoa watu zaidi ya 14,000, wengi wao wakiwa juu ya mapaa na miti. Mama mmoja alijifungua mtoto wa kike mtini. Mhudumu wa tiba akateremshwa kwa waya, akamkata mtoto kitovu pale pale, kisha mama na mwanawe wakavutwa juu. Mwenzetu aliyekuwa akitusomea alisita, ikabidi mwengine apokee.

Kuanzia mwaka 2013 Oryx zikawa mashariki ya Kongo, ambako askari wetu wa Tanzania walikuwa brigedi moja ya Umoja wa Mataifa na wa Afrika Kusini na Malawi. Februari 2023 moja ilipigwa risasi angani. Mmoja wa waliomo alifariki, lakini chombo kilitua Goma.

Mfano ulio mbele yako tumeuunda kwa bati la kopo na mota ya redio mbovu, tukautundika kwa mshipi wa kuvulia. Tafadhali uwashe. Utaona panga la juu likizunguka huku, kiwiliwili kinazunguka kule, maana panga la mkia tumelitoa makusudi. Ukilirudisha, kinatulia. Siku ya kwanza kilipotulia tulipiga kelele hadi walimu wakatoka ofisini.

Mheshimiwa, sisi ni watoto wa kisiwa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikija huku Pemba, na humu ukumbini wamo waliofiwa. Kila tukisoma habari za waya na kapi za kuwavutia watu juu, fikra zetu huenda mkondo ule.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, tupatiwe injini yoyote kuukuu, hata ya boti, tuifungue na kuifunga wenyewe. Pili, utuombee kwa wanaohusika waje wataalamu watuoneshe, pale bandarini, namna mtu anavyofungwa mkanda na kuvutwa kutoka majini bila ya kuumia. Wazee wavuvi wameshasema watatuazima mashua.

Tunaomba kuwasilisha.