Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: tuambiwe maji yatafika wapi, na saa ngapi

Mheshimiwa Gavana,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kuhusu utabiri wa mafuriko. Utabiri wa mvua tunao. Idara ya Hali ya Hewa huutoa kila msimu na kila siku, na unatufaa. Lakini mkaazi akiambiwa Pwani itapata mvua kubwa, bado hajui kama maji yataingia kwake Kisauni au kwa nduguye Mikindani. Hiyo ni kazi ya modeli ya haidrolojia: hesabu za kompyuta zinazopima mvua, mteremko, udongo, lami na mabati, zikaonyesha maji yatakimbilia wapi.

Modeli za dunia hazitutoshi. GloFAS, mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko duniani, hugawa ardhi katika miraba ya takriban kilomita 5 kila upande, na kisiwa chetu chote, kilomita za mraba 14 hivi, hakijazi hata mraba mmoja.

Halafu kuna bahari. Wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Mvua ikishuka saa tisa mchana, mfereji unaomwaga baharini hauna pa kumwaga. Mvua hiyo hiyo ikinyesha saa nne asubuhi, maji yamekupwa, huenda ikapita salama. Wavuvi wetu wanayajua haya vizuri sana, na modeli yoyote ya Mombasa isiyohesabu maji kujaa na kupwa haitatusaidia.

Mheshimiwa, huku bara ya Kisauni shimo la choo na kisima mara nyingi viko ua mmoja. Mama anayeuza mahamri hupandisha unga mezani, godoro juu ya kabati, na hapo maji yameshavuka kizingiti. Angejua muda wa saa tatu kabla, angefunika kisima na kuwapeleka watoto kwa jamaa.

Mvua za vuli zina dalili za mapema: El Niño na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Masika ni mkaidi. Ni vigumu kuyatabiri miezi kabla, kwa hiyo tegemeo letu ni vipimo vya saa kwa saa.

Ninachoomba ni vipimo vya mvua katika shule na zahanati za kila wadi, na vipimo vya kina cha maji kwenye mito ya Kombeni, Tsalu na Mwache. Mito hiyo hutokea nje ya mipaka yetu, basi kaeni na wenzenu wa Kwale na Kilifi. Wataalamu wapo hapa hapa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi. Onyo nalo litaje mtaa na saa, kwa Kiswahili, kwenye simu na kwa vipaza sauti vya misikiti. Na kila baada ya mvua kubwa, tangazeni utabiri ulilenga wapi na ulikosea wapi. Bila hivyo watu hawatauamini.

Masika hushika kasi Aprili na Mei. Naomba utujibu hadharani: nani atasimamia kazi hii, na kipimo cha kwanza kitawekwa wapi?

Wako kwa heshima,
Mkaazi wa Kisauni