Kabla hujalichukua gari Mombasa

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mama Baraka, mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Baridi imetushika lakini tu wazima. Tindi amepona kifua na babake amerudi kazini. Nilifurahi mno kusikia kwamba meli imefika na gari lenu limeshushwa. Ila kuna maneno katika barua yako yaliyoninyima usingizi: kwamba limekuja na ufunguo mmoja tu, lakini unafanya kazi vizuri. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo leo. Langu pia lilikuja na mmoja. Nami nilisema hivyo hivyo, nikakaa nao miaka miwili.

Unakumbuka mwezi wa nne nilikupigia nikiwa nimekwama mjini, nikakata simu kabla ya kueleza? Nilikuwa Marikiti, nimekwenda kuchukua viazi na karoti za hoteli. Mvua ilikuwa inamwagika, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Rimoti, ndiyo ule ufunguo wangu mmoja, nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa aproni. Nikainama, nikachagua, nikalipa, nikainama tena. Nilipofika garini pale Haile Selassie nikashika mlango: kimya. Kujipapasa, nikakuta mshono wa mfuko umefumuka, tundu la kupitisha vidole vitatu. Nikarudi nikipekua njia nzima. Wale akina mama wa sukumawiki waliniinulia magunia yao moja moja, Mungu awabariki. Hatukuona kitu.

Shemeji alikuwa karibu na Kirinyaga Road, nikamwomba aninunulie rimoti nyingine ya Toyota Premio yangu. Akapata iliyotumika, safi, vitufe vile vile, shilingi 4,000. Pesa hiyo ilipotea bure. Rimoti hizi za Toyota za magari ya kuwasha kwa kitufe, ikishaunganishwa na gari moja hujifunga nalo; ukiipeleka kwenye gari jingine inakataa mpaka fundi aifungue kwanza kwa mashine yake. Muuzaji hakusema neno. Na hata ukinunua mpya, uliza mawimbi yake: za magari yaliyotengenezewa soko la Japani huwa karibu na megahezi 315, za Ulaya nyingi ni 433, na kwa nje zinaweza kufanana kabisa. Usilipe kabla fundi hajaiona.

Fundi wa funguo alitoka Ngara kwa bodaboda, begi limefungwa kwa nailoni. Kabla ya kugusa chochote aliomba kitambulisho na logibuku, nikamwonyesha kwenye simu. Nilimwamini tangu hapo. Asiyeuliza, hujui jana alimfungulia nani gari la nani.

Alifungua mlango wa dereva kwa kifaa chembamba kama sindano ya kufumia, sikio ameliegemeza kwenye kitasa. Ndani, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Akanieleza kwamba hiyo ni ishara ya imobilaiza, kizuizi kinachoikatalia injini kuwaka mpaka gari litambue chipu iliyo ndani ya rimoti. Chipu hiyo haitegemei betri. Ukiisogeza kwenye kitufe cha kuwasha, koili iliyo pale huipa umeme kidogo, wa kutosha tu kujibu gari linapouliza. (Si magari yote ya Japani yenye kizuizi hicho, mengi ya bei nafuu hayana, na hapo kuchonga ufunguo wa chuma kunatosha. Lenu, kwa jinsi ulivyolieleza, nina hakika linacho.)

Hili la chipu lishike sana, kwa sababu jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuwa karibu kulipia rimoti nzima kumbe ni betri imekwisha. Siku yenu ikinyamaza, chomoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, fungua mlango, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, kisha bonyeza. Likiwaka, nenda ukanunue betri. Ila ifungue kwanza usome namba, maana CR2032 na CR1632 zinapishana kwa ukubwa.

Turudi Haile Selassie. Aliingiza waya wa mashine kwenye tundu lililo chini ya usukani, akazima redio na taa zote, halafu akaomba betri ya teksi iliyokuwa jirani na kuiunganisha na yangu kwa waya nene. Alisema umeme ukishuka katikati ya kazi, kompyuta ya gari inaweza kuvurugika, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Kwa kuwa hapakuwa na ufunguo hata mmoja wa kulithibitishia gari, ilibidi kufuta kumbukumbu zote na kuanza upya, na gari lenyewe ndilo linaloamua muda wa kungoja: dakika 16. Nilizihesabu zote, nimekaa na viazi vyangu, kioo kimejaa mvuke. Zilipokwisha akagusisha rimoti mpya kwenye kitufe. Gari likalia pii. Akaweka na ya pili, maana nilimwambia sitoki pale na moja. Taa nyekundu ikazimika, injini ikashika, nami nikalia machozi mbele ya watu.

Kisha akanionyesha kwenye kioo cha mashine: funguo zilizosajiliwa, 2. Mwombe fundi wako akuonyeshe namba hiyo kabla hujamlipa. Ile iliyoanguka Marikiti ilifutwa, haiwezi tena kuwasha injini. Lakini kile chuma cha ndani yake bado kinafungua mlango, kwa hiyo mpaka nilipobadilisha kitasa sikuacha hata leso ndani ya gari.

Nililipa shilingi 19,000, mbali na zile 4,000. Fundi alinitazama kwa huruma akasema ningemwendea nikiwa na rimoti inayofanya kazi, asingefuta chochote, angeongeza ya pili tu, na ningelipa chini ya nusu. Mwenzangu, wewe bado unayo hiyo moja. Kesho asubuhi mpigie wakala wa Mombasa, umuulize kama ya pili imebaki kwenye bahasha ya karatasi za gari, na kama kuna kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Kibati hicho kiweke na vyeti vya watoto. Halafu ukienda kulichukua, chomoa kile chuma ukijaribu mlangoni kwa mkono wako mwenyewe, hata wakikuharakisha.

Mkipita Nairobi Ijumaa, laleni hapa, msiendeshe mpaka Nakuru usiku. Nimeshazungumza na yule fundi. Atakuja Jumamosi saa tatu, na rimoti mpya ataileta mwenyewe. Wewe njoo na rimoti yako, kitambulisho na karatasi za usajili. Baba Baraka mwambie mukimo ninapika mimi.

Wako,
Mama Tindi