Siyo kila maumivu ya mama ni mawazo

Mhariri, mama yangu mdogo huku Mtwara vijijini alienda zahanati kifua kinambana mpaka kwenye taya, akaambiwa ni mawazo tu bibi, akapewa vidonge vya maumivu kwenye kikaratasi cha kaki, basi karudi na bodaboda. Wiki ya pili tukampeleka mjini, kipimo ndo kikaonyesha ni moyo.

Na hii siyo ya leo. Wagiriki wa kale walidai maradhi ya mwanamke yanatokana na kizazi kinachotembea mwilini (eti kinatembea!). Marekani 1977 waliwazuia wanawake wa umri wa kuzaa kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa, wakalegeza 1993, halafu 2013 ndo wanashtuka kwamba zolpidem, dawa ya usingizi, dozi ya wanawake ishushwe nusu, wakati imeshamezwa miaka ishirini.

Msomaji, Mtwara