Pikipiki kubwa inataka mazoezi ya mwendo mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Mtwara ambao, malipo ya korosho yakiingia, huharakisha kubadili pikipiki ya cc 125 kwa ya cc 250 bila kujiuliza kama wanaimudu.

Pikipiki haiangushi kwa kasi peke yake. Yangu, kubwa na bado mpya, ilinilalia mguuni hapa Mikindani nikigeuza kwa mwendo wa konokono, kwa sababu nilibana breki ya mbele huku nimekata usukani. Tangu hapo, kila Jumapili asubuhi napanga makopo mawili kwenye ardhi ngumu na kuyazunguka kwa umbo la nane nikiwa gia ya kwanza: klachi naiachia nusu, mafuta nayashikilia palepale, breki ya mguu naigusa kidogo tu, na macho nayaelekeza ninakokwenda, si kwenye tairi. Mkono wa kushoto huuma (watoto wa jirani nao hucheka), lakini siweki tena mguu chini.

Anayechagua pikipiki asianze na cc. Aikalie aone kama nyayo zinafika chini, kisha aisukume kinyumenyume injini ikiwa imezimwa, maana akishindwa dukani atashindwa pia kwenye mchanga akiwa na gunia nyuma. Kwa mlima wa kupanda Newala nguvu ya ziada ni nafuu ya kweli. Kwa safari za sokoni, sioni faida yake zaidi ya sifa.

Walimu wa udereva nao watenge muda wa zoezi hili.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara