Mgao wa umeme sio kosa lenu, ila viboko wa mtoni wanawadai

Kamwene mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, ile unalalamika kwamba kila bwawa la umeme la Mtera likipungua maji watu wanawanyooshea kidole nyie wa Rujewa na mpunga wenu. Juzi nilikuwa Mtera nimefata perege na kambale wa kuuza, ngoja nikujibu vizuri.

We Mtera hujafika. Unatoka Iringa mjini na sweta, unapita Isimani, ukimaliza kushuka Nyang'oro sweta unalivua mwenyewe, ni mibuyu, migunga na mbuzi tu, mvua za kuhesabu, af ghafla maji hayo mpaka macho yanachoka, ng'ambo ni Dodoma. Mi kinachonimaliza ni miti. Walipoziba mto Ruaha Mkuu pori lilizama limesimama vile vile, imekufa lakini haijaanguka, kwa hiyo maji yakishuka inatokeza vichwa na mnandi wanajaa juu yake wamekunjua mabawa wanajianika. Ukiwa na kamera utapasifia, ukiwa na nyavu utatukana.

Sasa watu wengi hawajui kwamba lile bwawa halikujengwa kwa ajili ya mashine za pale. Kituo cha Kidatu, kule chini kwenye mto huo huo, kilianza kutoa umeme 1975 ila bwawa lake dogo, masika maji yanapita bure, kiangazi mashine zinakosa, ndo ikabidi huku juu kiwekwe kihenge cha kumtunzia Kidatu maji yake. Mtera ikakamilika 1980 ikakaa miaka kama 8 hivi bila kuwasha hata balbu, mashine zake za megawati 80 zimeanza 1988. Kidatu ni 204. Na maji ni yale yale, yanafanya kazi Mtera, yanashuka Kidatu, siku hizi yakishaingia Rufiji yanakutana na bwawa la Nyerere. Bwawa la Mtera likijaa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, likifika 690 mashine hazitakiwi kuguswa, na 2006 unakumbuka tulivyolala giza nchi nzima.

Haya, lawama zenu. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, yote inatoka milima ya kwenu inaingia kinamasi cha Ihefu ndo inakuwa Ruaha Mkuu, hilo hubishi. Ila Mtera inajazwa na masika, mto ukiwa umefura kabisa, na Ruaha Ndogo na Kisigo nao wanaleta chao, hako kamaji ka kiangazi mnakokazuia hata mngekaachia kote kasingejaza kihenge kile. Kwa hiyo mgao msibebeshwe nyie, mi nabisha na yeyote.

Ila hifadhini ni kesi nyingine. Mto uliokuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 kiangazi unakatika kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope mpaka huruma. Wakasema ni ng'ombe, wafugaji wakatolewa bonde lenu la Usangu 2006, na bado mto unakatika! Kwa hiyo kaangalieni mabanio yenu ya kuchepushia maji mashambani, kuna watu wameshavuna zamani na mfereji bado uko wazi unamwaga kwenye majaruba matupu, we mwenyewe ulishaniambia.

Nijibu basi, banio lenu mwezi huu mmefunga au mwenyekiti bado anapiga chenga? Na mchele wangu mpe konda wa basi la Iringa, perege wako nimeshawakausha.