Penseli na Ng'onda

Malindi, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na unisalimie mama. Pole kwa kunyamaziwa na hao uliowaomba nafasi. Mimi nami niliandika barua sita za kuomba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, nikajibiwa moja tu, ya kuniambia nafasi zimejaa.

Ila nikwambie ukweli: ile barua uliyonitumia niisome, hata mimi nisingeijibu. "Naomba nafasi yoyote katika uhifadhi." Yoyote ndiyo ipi? Maabara ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliyoko Nairobi, iliyofunguliwa 2015, inapima nyama na pembe ambazo kesho hakimu atazitaka. Kidhibiti cha kesi hakishikwi na mwanafunzi wa miezi mitatu. Omba kinachoweza kutolewa: kupanga sampuli za kulinganishia, kusaidia kujaribu mbinu, kuingiza rekodi. Na uulize mapema nani atakusimamia, maana wako wenzetu waliomaliza atachimenti wakijua kupika chai tu.

Mimi kwa sasa namfuata mwalimu wangu kwenye utafiti wa ng'onda. Usicheke! Papa akishakatwa kichwa na mapezi, akatiwa chumvi na kuanikwa, hata muuzaji huenda asijue ni papa gani. Mwaka 2013 papa nyundo waliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; kuwauza nje ya nchi kunataka vibali, na kipande kikavu hakina nyundo ya kukuonyesha. Kwa hiyo tunakata nyama kiasi cha punje ya hindi, tunaitia kwenye ethanoli. Maabara husoma sehemu ya jeni iitwayo COI, kama herufi 650 za DNA, ikalinganishwa na za papa wanaojulikana. Nyama ya chumvi DNA yake mara nyingi imekatikakatika, hapo husomwa kipande kifupi zaidi.

Sasa sikia aibu yangu. Siku ya kwanza vichupa niliviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, nikavitia vyote mfuko mmoja. Kimoja kikavuja. Kufungua, vichupa 11 vyeupe pee, namba hata moja hakuna, harufu ya papa mpaka kwenye buibui. Mwalimu hakunigombeza. Alivimwaga, akaniuliza, "Wakili akitaka kujua hiki kimetoka meza ya nani, utamjibuje?" Tangu siku hiyo ni penseli, kijikaratasi ndani ya kichupa, namba ile ile daftarini, na saa, na jina la aliyekipokea mkononi mwangu.

Mjomba wako bado anavua? Mkalie barazani umuulize kila papa anamwitaje na anamtambuaje kabla hajakatwa, uyaandike. Nyama usiikate, kibali cha utafiti hakina jina lako. Mwalimu nimeshamgusia habari zako, akasema majina ya papa ya huko kwenu Lamu hana. Ukimwandikia, anzia hapo.

Nikija mwezi ujao nitakuletea penseli. Wewe niwekee ng'onda, ya kula hiyo.

Wako,
Shoga wa Malindi